Pete ya Kinu cha Diwani

Sogeeni mbele mlio nyuma, na aliye na kazi mkononi aendelee nayo, mradi masikio anipe mimi. Hadithi hii haina wimbo wa kuitikia. Haina sungura wala fisi. Ina kinu, ina pete ya chuma, na ina watu watatu waliotengeneza kitu kimoja. Mwisho wake sina. Niliupokea mzigo huu bila mwisho, nami nawatwika kichwani kama nilivyotwikwa.

Katika mji wa Shungi aliishi mwanamke akiitwa Mize, msuka ukili, ule utepe wa majani ya ukindu unaoshonwa kuwa mkeka. Alisuka mikeka na vikapu, lakini sifa yake ilikuwa kawa, vile vifuniko vya mviringo vinavyofunika chakula kwenye sinia. Kawa ya Mize ikikaa juu ya sinia, hata harufu ya wali iliomba ruhusa kabla ya kutoka. Siku moja mke wa Diwani, mtawala wa mji, alimletea kipimo cha sinia yake, Mize akasuka kwa kipimo hicho. Karamu ilipofika, mpishi akapakua kwenye sinia kubwa zaidi. Kawa ikapwaya upande, nzi akaingia, akatua juu ya nyama mbele ya mgeni wa heshima. Mpishi alikuwa mjomba wa Diwani. Kwa hiyo aliyekosa akawa Mize.

Katika mji huo huo aliishi Vuai, mchimba visima. Jicho la Vuai lilipenda duara kama jicho la wengine linavyopenda sura nzuri. Kisima chake kilishuka chini hatua kwa hatua bila kupinda, ukitazama kutoka juu ungedhani mtu amechomeka bomba ardhini. Alimchimbia Diwani kisima, maji yakatoka ya chumvi, maana bahari ilikuwa karibu na Vuai alikwisha kumwambia. Diwani akaonja, akatema. Akasema, "Umetia chumvi kisimani kwangu." Basi.

Na aliishi mhunzi, Mzee Chande, ambaye chuma kilimtii kuliko wanawe. Alimfulia Diwani kufuli la ghala. Diwani akapoteza ufunguo mwenyewe, katika matembezi yake mwenyewe. Wakagonga, wakapiga nyundo, kufuli halikutikisika, na halua ya sikukuu ikaozea ndani. "Nilikuagiza kufuli," Diwani akasema, "hukuniambia kuwa halifunguki."

Huyo ndiye Diwani Mwinyimvua, Mungu asitujaalie jirani wa namna yake. Alikuwa na kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta, gogo nene lililochongwa likachimbwa ndani, na mchi mkubwa uliofungwa kwenye boriti. Boriti ikizungushwa, mchi husaga, ufuta hulia, mafuta hutiririka kwa kijito cha ubavuni. Zamani boriti ilivutwa na ngamia aliyefungwa kitambaa machoni. Ngamia alipokufa, Diwani hakununua mwingine. Alisema, "Ngamia anakula sana, na hana haya. Mtu ukimtukana anaongeza mwendo."

Ndivyo Mize, Vuai na Mzee Chande walivyofungwa nira moja, wakawa wanazunguka kinu kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama. Mlango wa banda la kinu ulifungwa kwa kufuli lililofuliwa na Chande. Ufunguo mpya aliutengeneza yeye mwenyewe, kwa amri.

Mize alikuwa ameacha nyumbani mtoto wa kike anayenyonya, akiitwa Mwatime, mikononi mwa jirani aliyekuwa na watoto wake watano wa kulisha. Mwanzoni maziwa yalimlowesha kanga kila kulipokucha, akayakamulia mchangani huku analia. Kisha yakapungua. Yakawa yanakuja mara mojamoja, kama mgeni asiye na hakika ya kukaribishwa. Mize alijua kwamba yakikatika yote, hata akitoka hatakuwa na cha kumpa mwanawe. Alisali kila sala kwa wakati wake, akizungusha boriti, akimwomba Mola jambo moja tu: atoke kabla ya kukauka.

Msimamizi wa banda, nokoa mmoja aliyeitwa Bakari Tambo, ndiye aliyemletea habari.

"Mwanao bado analia," alimwambia asubuhi moja, akitafuna kashata. "Furahi, mama. Wanaokufa hawalii."

Basi siku moja kinu kikapasuka. Kilitoa mlio kama mfupa, ufa ukashuka kutoka mdomoni hadi kiunoni, na mafuta yakamwagika kila upande isipokuwa kwenye kibuyu. Wale watatu wakasimama. Wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kusimama mchana bila kuchapwa.

"Alhamdulillahi," Vuai akanong'ona.

"Usishukuru bado, kaka," Mize akasema. "Hatujui kitakachofuata."

Kilichofuata ni Diwani mwenyewe, akaja na kiti chake, na mtu wa kumpepea.

"Tunashika miguu, Mwinyi," wakasema wote watatu.

"Shikeni kinu," akajibu. "Nimeambiwa hapa pana mhunzi. Kinu kikifungwa pete ya chuma, ufa utajifunga, si ndiyo, mzee?"

"Ndiyo, Mwinyi. Pete ikivishwa ya moto, ikapoa, itabana."

"Basi sikilizeni. Boriti hii wawili wanaitosha. Wa tatu nilimweka akiba, kama mtu anavyoweka jembe la pili. Kitengenezeni kikamue tena, nami nitamwachia mmoja wenu aende kwake. Mmoja. Mkishindwa nitahitaji kisima kingine, kifupi, cha watu watatu, na Vuai nitampa heshima ya kuchagua mahali."

Yule wa kupepea akacheka. Wengine hawakucheka.

Sasa tazameni jinsi mambo yalivyokwenda, maana hapa ndipo penye mwiba.

Ili pete ivishwe, sharti mzingo wa kinu ujulikane. Kamba za banda zote zilikuwa zimeloa mafuta na kulegea. Mize akasema, "Mimi nitasuka ya kupimia." Akaomba ukindu, akauchovya majini kama mikono yake ilivyozoea, maana ukindu mkavu hukatika ukiusuka, akasuka ukili mwembamba amesimama, vidole vikienda vyenyewe. Akauzungusha kinuni, ncha ikakutana na mwili. Akashika kisu.

Hapo hapo neno la bibi yake likamjia: ukili mbichi ni muongo, ukikauka hunywea. Usiupime mpaka jua liuonje.

Mize alilisikia neno hilo waziwazi, kama vile bibi amesimama nyuma yake. Lakini Diwani alikuwa bado yuko kitini, anatazama, na Mize alitaka macho yale yamwone yeye kwanza, yamkumbuke yeye siku ya kuachia mmoja. Akakata.

"Hodari," Diwani akasema.

Mzee Chande akauchukua ukili, akaenda nao kwenye moto wa kuazima uliowashwa uani, akaulaza kando ya fuawe, lile pande la chuma la kufulia. Akafua pete kwa kipimo hicho. Ilipoiva na kuwa nyekundu, wakaishika kwa koleo, wakaileta, wakaivisha kinu. Iliingia upande mmoja, upande wa pili ikagoma. Ilikuwa ndogo. Si kwa mengi, ni kwa kiasi cha vidole viwili tu, lakini chuma hakijui huruma ya vidole viwili.

"Isukumeni!" nokoa akapiga kelele. "Wewe mchimba visima, ingiza mkono uinyanyue hapo ilipokwama!"

"Ni ya moto, bwana!"

"Na mjeledi huu ni wa baridi? Ingiza!"

Vuai akajifunga kitambaa mkononi, akaingiza. Koleo likateleza. Pete ikashuka na kukaa juu ya kiganja chake cha kulia, ikakibana kwenye mti. Sitaeleza harufu. Waliomkomboa walikuwa wenzake wawili. Nokoa alikuwa amerudi nyuma asichafue nguo.

Diwani akasimama. "Nani kaharibu?"

Mize akafungua mdomo. Moyoni alimwona Mwatime, akaliona ziwa lake mwenyewe likiwa tupu, akafumba mdomo.

"Chuma ni changu mimi, Mwinyi," Mzee Chande akasema. "Kosa ni langu."

Wakamlaza, wakamchapa. Mzee wa umri wa babu yenu, mgongo ule. Mize akageuka ukutani, akaziba masikio, na akajua kuwa kuziba masikio nako kunaandikwa.

Walipomwinua, Diwani akatoa amri ya pili. "Nisione kamba tena, wala ukili, wala uzi, kwenye shingo ya kinu changu. Nikiuona nitauhamishia kwenye shingo ya aliyeuweka. Pimeni kwa namna nyingine. Au chimbeni."

Wakaketi chini watatu, mmoja na mkono wake umefungwa majani ya mgomba, mmoja amelala kifudifudi, mmoja anatazama miguu yake.

"Kwisha," Vuai akasema. "Utapimaje mzingo bila kuzungusha kitu? Ni kama kumnyoa mtu kwa barua."

Mize akasema polepole, "Mzingo si lazima uuzunguke, kaka. Unaweza kuukata katikati."

"Unaota."

"Bibi yangu aliposuka kawa hakuzungusha uzi. Alilaza ufito juu ya sinia, kutoka ukingo hadi ukingo, akajua pindo la kuzunguka litakula kiasi gani. Alikuwa akisema, duara hula upana wake mara tatu, kisha huramba sahani."

"Huramba?"

"Hushindilia kidogo juu ya mara tatu. Huo mrambo ni sehemu ya saba ya upana. Ukiugawa upana vipande saba, mzingo unakula ishirini na mbili. Iwe kikombe, iwe kisima, iwe sinia ya mfalme. Haibadiliki."

Siku hizi watoto wenu wanaisoma hesabu hiyo darasani na kuiita pai. Mimi shule sikukaa sana, hilo nakiri, lakini nimeijaribu kwenye ndoo na kwenye chungu, na bibi yule hakusema uongo.

Mzee Chande akainua kichwa kutoka mchangani. "Hiyo ni hesabu ya duara, mwanangu. Na kinu je? Kilichongwa kwa shoka."

Vuai akakigeukia kinu, akafumba jicho moja. Kisha akasema, "Hili si duara. Hili ni yai."

Na hapo ndipo kazi ilipogawanyika mafungu matatu. Nawaomba muyapime vizuri, maana baadaye nitawauliza.

Fungu la kwanza lilikuwa la Vuai. Aliujaza mdomo wa kinu kwa mashudu, yale makapi ya ufuta uliokamuliwa, akayashindilia mpaka yakawa magumu kama udongo wa kisima. Akachomeka kigingi katikati. Kwenye kigingi akatundika ufito ulionyooka, akauzungusha pole pole kama mkono wa mtu anayetafuta kitu gizani, na kila ncha ilipopita akatia alama ya mkaa. Pale mti ulipojitokeza nje ya alama, akauchonga kwa tezo. Alichonga kwa mkono wa kushoto, na pale mkono wa kushoto uliposhindwa kushikilia, alikandamiza kwa ule wa kulia, na majani ya mgomba yakabadilika rangi. Hakusimama. Alipomaliza, yai lilikuwa duara, na ufito ulizunguka bila kugusa wala kuachia. Kama si Vuai, hesabu ya Mize ingepima kitu kisichokuwapo.

Fungu la pili lilikuwa la Mize. Alilaza ufito juu ya mdomo wa kinu ukipita kigingini, kutoka ukingo hadi ukingo, akaukata hapo, akaondoka nao mbali na kinu ili asivunje amri. Akachomoa ukili wa zamani kutoka kwenye mkeka wake wa kusalia, mkavu kwa miaka ya magoti, usio na maji ya kusema uongo. Akaukata sawa na ufito. Akaukunja vipande saba, akakosea, akaukunjua, akaukunja tena, mpaka mikunjo ikawa ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Kisha akachora mstari mchangani: ufito, ufito, ufito, na mkunjo mmoja wa saba mbele yake. Kama si Mize, Vuai angekuwa na duara zuri na mhunzi angekuwa na chuma kizuri, na kati yao pasiwe na neno.

Fungu la tatu lilikuwa la Mzee Chande. Aliutazama mstari wa mchangani, akatikisa kichwa. "Huu ni mzingo wa ngozi ya kinu," akasema. "Chuma nacho kina unene, na unene nao unazunguka. Nikikata hapa, tutarudia yale yale." Akachukua unene wa chuma, akauongeza mara tatu na mrambo wake, kisha akapunguza kiasi cha ukucha, ili pete ikipoa isikae tu bali ing'ate. Alifua amesimama, maana hakuweza kuinama kwa mgongo ule. Kila pigo la nyundo lilimfungua vidonda upya, na kila pigo lilikwenda pale lilipotumwa. Kama si Chande, duara na hesabu vingebaki mchangani mpaka kuku avifute.

Baada ya siku kadhaa wakaileta pete, nyekundu kama jicho la mgonjwa. Ikavuka mdomo wa kinu, ikateremka, ikakaa. Wakaimwagia maji. Moshi ulipotulia wakasikia mti ukilalamika, kisha ufa ukajifunga taratibu, kama mdomo wa mtu aliyeamriwa kunyamaza. Vuai alipapasa kwa kucha. Pasingepita hata unywele.

Walifurahi, jamani. Naomba mlielewe hilo. Walishikana mabega wakafurahi, kana kwamba hawajui walichokitengeneza.

Diwani akaja akatazama, akatia kidole. "Mashaallah. Nani kakitengeneza?"

"Sote, Mwinyi," Mize akasema.

"Wote ni wengi. Nilisema mmoja."

"Hakuna aliyezidi, Mwinyi," Mzee Chande akasema. "Ondoa mmoja, pete haipo."

Diwani akafikiri, akatabasamu, na waliomjua wakaogopa tabasamu hilo kuliko mjeledi. "Basi nisiwadhulumu. Chagueni wenyewe. Bakari, watie ufuta kinuni, uwafunge nira. Watasukuma huku wanazungumza; mazungumzo hunoga kwa kazi. Weka kibuyu. Kikijaa mafuta, wakutajie jina moja ambalo wote watatu wamelikubali. Kibuyu kikijaa bila jina, hatoki mtu, na wasiniletee tena mambo yao." Akaenda kula.

Nira ikarudi mabegani. Mchi ukaanza kusaga. Kinu kilikamua vizuri kuliko siku zote za uhai wake.

"Nitasema kwanza," Vuai akasema wakiwa kwenye kona ya mlango. "Mkono huu unanuka. Nimeuonyesha jua, nimeuombea. Mganga yuko mjini. Nikitoka leo atakata vidole, nikitoka mwezi ujao atakata bega, kama nitakuwepo. Na nyinyi mtafaidi pia. Nikibaki, mkono mmoja utasukuma nini? Mwenzangu atabeba sehemu mbili."

"Kweli," Mzee Chande akasema. Wakamaliza mzunguko. Kisha mzee akasema, "Mimi sina la kudai ila umri. Ufuta wa msimu huu haujaisha, na mimi nimekwisha. Ningependa kufa mahali ambapo mtu atanielekeza kibla. Nokoa hatanielekeza. Nokoa atanisogeza kwa mguu ili boriti ipite."

Wakamgeukia Mize, na yeye hawakuwa na haja ya kumwuliza.

"Asubuhi ya leo yalitoka matone," akasema. "Matone tu, lakini yametoka."

"Basi aende Mize," Mzee Chande akasema. "Mtoto hana kosa lolote duniani. Vuai, mwanangu, kubali."

Vuai alisaga meno. Wakapita mlangoni, wakapita ukutani, wakapita mlangoni. Mwishowe akasema, "Mtoto." Akatema mate. "Haya. Mtoto. Mwiteni nokoa kabla sijabadili nia."

Mize alikuwa ameomba jambo hilo kila sala. Sasa lilikuwa mbele yake, limeiva, limekatwa, limewekwa sinia. Alichohitaji ni kunyamaza tu kwa muda wa mtu kumwita nokoa. Lakini moyo wa mwenye kumwogopa Mungu ni kitu cha taabu, wenzangu. Hauachi hata pale unapostahili kuacha.

"Msimwite," akasema. "Ukili ulikuwa mbichi."

"Ukili gani?"

"Wa kwanza. Nilijua utanywea. Bibi alinionya, nikalikumbuka, na nikakata vivyo hivyo kwa sababu Diwani alikuwa ananitazama. Mkono wako, Vuai, ni kazi yangu. Mgongo wako, baba, ni kazi yangu. Siwezi kwenda kumnyonyesha mwanangu kwa haya."

Boriti iliendelea, maana ikisimama nokoa huchapa. Vuai alianza kucheka, kicheko kidogo kikavu.

"Nilikuwa nakuombea," akasema. "Usiku mkono ukiuma nilikuwa nasema, ewe Mola, mimi basi, lakini huyu dada ana mtoto. Unasikia? Nilikuwa naunyanyua mkono huu huu kukuombea wewe."

"Nisamehe, kaka."

"Msamaha utaota vidole?"

"Mwache," Mzee Chande akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mwache, maana na mimi niliuona."

"Uliona nini?"

"Niliulaza ule ukili kando ya fuawe ukiwa umefika kwenye ncha ya fuawe. Moto ulipowaka nikautazama tena, haufiki. Nimefua miaka arobaini, sikudanganyika. Nikajisemea, nikirudi kupima tena nokoa atasema nachelewesha, atanichapa. Pete ikikataa, kosa litakuwa la msuka ukili. Nikafua kwa kipimo nilichojua ni kibovu." Akavuta pumzi. "Niliposema kosa ni langu, mlidhani ni ukarimu. Halikuwa lolote ila deni langu mwenyewe."

Vuai hakucheka tena. Kinyume cha alivyotarajia Mize, hakulia wala hakutukana. Alipozungumza alizungumza kwa utulivu, kama mtu anayepanga bei.

"Kwa hiyo kati yetu mwenye mikono safi ni mimi, niliyebaki na mmoja. Sikilizeni. Sasa si ombi tena. Mtamtajia nokoa jina langu. Msipolitaja, nitamwita Diwani mwenyewe nimweleze habari ya ukili, na habari ya fuawe. Mnajua atafanya nini. Alisema ana shimo la watu watatu; la wawili atafurahi zaidi, ni kazi ndogo."

"Ungefanya hivyo, Vuai?" Mize akauliza. "Kwa mtoto mchanga?"

"Jana nisingefanya. Jana nilikuwa mtu mwema, na uliona wema ulinifikisha wapi."

Mzee Chande akasema, "Huo ndio uovu wenyewe, mwanangu."

"Ndiyo, baba. Mmenifundisha, nimejifunza. Huwa nashika haraka."

Kinu kilisaga. Pete ilishika. Mafuta yalitiririka safi, ya dhahabu, bila tone kupotea, na kibuyu kikazidi kupanda sauti, kama kila chombo kinapokaribia kujaa. Nokoa Bakari Tambo aliinama akachungulia.

"Yamefika shingoni," akasema, akilamba kidole. "Nani anatoka?"

Mize alimtazama mzee. Mzee alimtazama Vuai. Vuai alimtazama Mize, na katika macho ya Vuai Mize aliona maumivu ya mtu anayetaka azuiwe na anayejua hatazuiwa. Watatu wakavuta pumzi kwa pamoja, na boriti ikazunguka nao.

Hapa ndipo niliposimamishwa, na hapa nawasimamisha.

Haya, enyi mliosikia. Duara lilikuwa la Vuai, hesabu ilikuwa ya Mize, chuma kilikuwa cha Chande, na kati ya hayo matatu sijaona lililozidi jingine hata kwa unene wa ukucha. Mize alikosa na kunyamaza, akaungama wakati kuungama kulimgharimu kila kitu, na mtoto wake hakukosa lolote. Chande aliona na kunyamaza, akalipa kwa mgongo kabla ya mtu kumdai, na ameomba tu mahali pa kufia. Vuai hakukosa, ameumia kuliko wote, alikwisha kutoa nafasi yake kwa hiari. Kisha akaushika uovu kwa mkono aliobakiwa nao, na uovu huo ameusema lakini hajautenda.

Msiniambie watoke wote, mlango umefungwa. Msiniambie Mungu atajua. Mungu anajua, lakini nokoa hamwulizi Mungu, anawauliza wao, nami nawauliza ninyi. Wala usitazame wa kando yako ajibu kwanza. Kibuyu kimefika shingoni, jina ni moja tu.

Wewe ungetaja la nani?